Yumo au Hayumo? Mabishano Yetu juu ya Watu wa Hadithi za Ajabu

Muhula huu naomba nafasi niandike juu ya jambo lililotukalisha bwaloni Jumamosi moja usiku, mpaka mwalimu wa zamu akaja na tochi kutuuliza kama tumesahau vitanda vyetu. Jambo lenyewe ni hadithi za ajabu na watu waliomo ndani yake. Huenda wazazi watakaousoma ukurasa huu wakasema kwamba hawakulipa nauli ya watoto wao ili waje kubishana juu ya majini. Nawaomba wanivumilie, maana tulianza na majini lakini hatukuishia huko.

Kwanza tuelewane maneno. Hadithi ya ajabu ni ile yenye mambo yasiyoweza kutokea katika dunia tuijuayo: wanyama husema, watu hugeuka manyani, nchi nzima huelea hewani. Kila mtu au kiumbe atendaye jambo katika hadithi huitwa mhusika. Sisi si wageni wa hadithi za namna hiyo. Mtoto wa pwani huzipokea kwa kuitikia "Pakawa" aambiwapo "Paukwa". Hapa Buhaya mtambaji huanza kwa kusema kwamba alikwenda akaona, nao wasikilizaji humjibu: ona, nasi tupate kuona. Nilikuwa nikiitikia hivyo kwa bibi yangu kabla sijaanza shule, wala sikuyatafakari maneno hayo hata siku moja. Wasikilizaji hawasemi "tuambie". Wanasema wataona kwa macho ya mtambaji. Basi twaweza kuuliza, mtambaji anapoona, anamwona nani, na nani anampita pasipo kumwona?

Tena tuna Wachwezi wetu: Wamara mfalme, Mugasha mwenye ziwa na dhoruba, Irungu wa porini, na wenzao. Na tuna tenzi za mashujaa zilizoimbwa kwa enanga. Mwalimu Mugyabuso Mulokozi, ambaye ni mzaliwa wa mkoa huu wa Kagera, amezifanyia tenzi hizo utafiti mkubwa, na pia amewaandikia vijana riwaya, kama Ngome ya Mianzi ya mwaka 1990. Nayataja haya mapema ili mtu asidhani kwamba hadithi za ajabu ni kitu kilichokuja na meli.

Hoja ya mdahalo ilisema hivi: "Hadithi ya ajabu haimfai kijana asiyejiona ndani yake." Mimi nilikuwa upande wa kutetea hoja. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue nina upande, asije akanidhania mwamuzi.

Mtoa hoja wetu alianza na kitabu cha zamani, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kitabu hiki kiliandikwa kwa Kiingereza na H. Rider Haggard mwaka 1885, na tafsiri ya Kiswahili ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1929. Babu zetu wengi waliosoma shule za zamani walikijua, na hapana shaka ni hadithi tamu: wazungu watatu wanavuka jangwa na milima kutafuta almasi, na mtumishi wao Umbopa anatokea kuwa mfalme halali wa nchi ile. Msemaji wetu hakukataa utamu. Alisema, "Ndugu Mwenyekiti, Waafrika wamejaa tele katika kitabu hiki. Haya, na tuwatazame wanafanya nini." Ndipo akamtaja Foulata, msichana anayempenda mzungu mmoja, Good, na kumwuguza hata akapona. Mwisho wake Foulata anachomwa kisu na kikongwe Gagool ndani ya pango. Naye alipokuwa akikata roho, mwandishi alimtia kinywani maneno ya kwamba ni heri afe, kwa kuwa yeye na Good hawawezi kuoana. Bwalo likanyamaza. Msemaji akauliza kama kuna msichana yeyote mle ndani ambaye angejiandikia mwisho wa namna ile. Hakuna aliyenyosha mkono.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali letu lilikuwa limeulizwa nusu. Tulikuwa tukiuliza kama mtu yumo au hayumo, kumbe yafaa kuuliza pia amewekwa mle kwa kazi gani. Foulata yumo. Kazi yake ni kuuguza, kupenda, na kufa kwa wakati unaomfaa mwandishi.

Upande wa upinzani uliongozwa na dada mmoja wa Kidato cha Tatu, na sharti niseme ukweli kwamba alitutoa jasho. Alisimama akauliza, "Ndugu Mwenyekiti, Sungura ni kabila gani?" Watu wakacheka. Akaendelea kwamba watoto wa Wahaya, wa Wasukuma na wa Wamakonde wote humpenda Sungura, wala hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hajioni kwa sababu hana masikio marefu. Kisha akamleta Shaaban Robert. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, nchi yenyewe inaelea hewani, haina kabila wala mkoa. Na katika Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, wahusika wamepewa majina ya tabia: Adili ni mwenye haki, na nduguze wawili, Hasidi na Mwivu, majina yao yanajieleza. Nduguze hao wanageuzwa manyani kwa ubaya wao. Dada yule alisema kwamba mwandishi alifanya hivyo makusudi, ili msomaji yeyote aweze kuingia, awe wa Tanga au wa Bukoba, mwenye wivu wa nyumbani kwake ajione na asiye na wivu aseme alhamdulillahi.

Maneno yale yalikuwa mazuri, nasi tulikaa kimya kidogo tukitazamana. Aliyetuokoa ni kijana wa Kidato cha Pili ambaye kwa kawaida hasemi neno katika midahalo. Alisimama akasema, "Sungura hana kabila, lakini ni mdogo. Watoto wanampenda kwa sababu na wao ni wadogo, na tembo ni mkubwa kama baba." Akakaa. Nadhani hii ilikuwa hoja fupi kuliko zote za usiku ule, na mimi bado sijapata jibu lake. Msomaji hujiona katika hadithi kwa milango mingi, na rangi ya ngozi ni mlango mmoja tu.

Juu ya Shaaban Robert, mtu wa upande wetu alijibu kwa kuhesabu. Katika Kusadikika, Karama aliyeshitakiwa anawataja wajumbe sita waliopelekwa pande sita, yaani mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakalete habari za kuifaa nchi. Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wote wanaume. Nchi isiyo na kabila, inayoelea hewani, ambayo mwandishi angeweza kuweka ndani yake chochote alichotaka, haikupata mjumbe mwanamke hata mmoja. Dada wa upinzani akajibu upesi kwamba katika Adili na Nduguze aliye na nguvu kuwashinda wanaume wote ni Huria, naye ni mwanamke wa kijini. Mtu wetu akamjibu kwamba ndiyo, lakini ni jini. Mwenyekiti akagonga meza.

Mimi nampenda Shaaban Robert, na sitaki mtu afikiri kwamba tulikuwa tukimhukumu marehemu. Alizaliwa mwaka 1909 akafariki 1962, na aliandika Kusadikika chini ya serikali ya kikoloni, ambapo kusema wazi juu ya utawala mbaya kulikuwa na hatari yake. Ile nchi ya hewani ilikuwa ngao. Lakini msomaji wa kike wa leo ana haki ya kukisoma kitabu kile kwa heshima yote na bado akahesabu wajumbe.

Hapo katikati mwalimu wetu, ambaye alikuwa amekaa nyuma akisahihisha madaftari, aliomba nafasi atuonyeshe picha. Ilikuwa picha ya kitabu kiitwacho Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya hadithi ya Mwingereza Lewis Carroll, iliyotolewa London mwaka 1940. Hadithi yenyewe ni ya msichana aliyemfuata sungura shimoni akafika nchi isiyo na mambo ya kawaida. Elisi wa Kiingereza ni mtoto wa kizungu mwenye nywele ndefu. Lakini katika kitabu kile cha Kiswahili picha zilichorwa upya, na Elisi ni mtoto wa Kiafrika, mweusi kama sisi. Tulishangaa. Mwaka 1940! Wengi wetu tulidhani mawazo ya namna hii yalianza juzi kwa filamu ya Black Panther ya mwaka 2018.

Basi bwalo likagawanyika upya, na safari hii si kwa pande za mdahalo. Wengine walisema picha ile ni heshima kubwa: mtoto wa Kiswahili amealikwa shimoni kwa sura yake mwenyewe. Wengine wakasema kupaka rangi peke yake ni kazi rahisi, maana msichana amebadilika lakini chai na malkia wa karata ni vya Uingereza vile vile. Mimi niko na wale wa kwanza, ingawa si kwa nguvu zote. Mtoto wa mwaka ule aliyefungua kitabu akamwona mtoto kama yeye akizungumza na paka anayetoweka, sidhani kama alijali chai ni ya nani. Hadithi hiyo imetafsiriwa tena na Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili katika Chuo cha SOAS huko London, ikatoka mwaka 2015 kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Ningefurahi kama maktaba yetu ingeviweka vitabu hivyo viwili pamoja.

Mwalimu alituambia pia kwamba mabishano kama yetu yako duniani kote. Mwandishi wa Marekani, Ursula Le Guin, aliandika mwaka 1968 hadithi ya kijana mchawi aitwaye Ged, mwenye ngozi ya hudhurungi nyekundu, na rafiki yake mweusi; lakini mchezo wa televisheni ulipotengenezwa mwaka 2004 Ged alifanywa mzungu, na mwandishi mwenyewe akatoa malalamiko yake hadharani. Kinyume chake, filamu ya The Hunger Games ilipotoka mwaka 2012, wasomaji wengine walikasirika kuona kwamba Rue ni msichana mweusi, na hali kitabu chenyewe cha mwaka 2008 kinasema wazi kwamba ngozi yake ni ya kahawia iliyokolea. Walikuwa wamesoma maneno yale kwa macho yao wakampaka rangi nyingine kichwani. Jambo hili lilituchekesha, lakini baadaye nilijiuliza: mimi mwenyewe nisomapo hadithi isiyotaja rangi, ni mtu gani ninayemwona? Naona aibu kidogo kulijibu swali hili katika gazeti la shule.

Sasa nafika penye kiini. Dada wa upinzani, ili kuonyesha kwamba hakukataa vitabu vyenye watu wa kila namna, alikisifu kitabu alichoazimwa na binamu yake. Kinaitwa Akata Witch, kimeandikwa na Nnedi Okorafor, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria, nacho kilitoka mwaka 2011. Mhusika mkuu ni Sunny, msichana wa miaka kumi na miwili aishiye Nigeria. Ana ualbino. Anapenda mpira wa miguu lakini hawezi kucheza juani mchana. Kisha anagundua kwamba alizaliwa na nguvu za ajabu, anajifunza kuzitumia pamoja na rafiki zake, na wanapambana na mwovu anayeteka watoto. Dada alisema kwamba kwa mara ya kwanza alisoma kitabu cha ajabu ambamo mwenye ualbino si wa kuhurumiwa bali ndiye anayeokoa wengine. Wengi walipiga makofi. Mtu wa upande wetu naye akaongeza Takadini, kitabu cha Ben Hanson ambacho kimesomwa kwa miaka mingi katika somo la Kiswahili. Hicho si cha ajabu, lakini mhusika wake ni mtoto mwenye ualbino katika nchi ya Washona. Mama yake, Sekai, anamtorosha kijijini kwa sababu mila ilitaka mtoto wa namna ile auawe, na mzee Chivero wa kijiji kingine anawapokea.

Tukadhani tumekubaliana. Ndipo mwenzetu wa Kidato cha Kwanza akaomba nafasi. Jina lake silitaji. Wote shuleni twamjua kwa kofia yake pana na mikono mirefu ya shati, maana naye ana ualbino. Sikuandika maneno yake wakati ule, lakini nilimwendea baadaye akanisomea tena, na ameniruhusu niyaweke hapa.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "vimetajwa vitabu viwili. Katika kimoja nazaliwa ili niuawe. Katika kingine nazaliwa na uganga. Nawashukuru waandishi wote wawili. Lakini watu wanaotuwinda hawatuwindi kwa sababu wanatuona dhaifu. Wanatuwinda kwa sababu wameambiwa kwamba mwili wetu una nguvu za ajabu. Mtu akisoma kwamba mwenye ualbino ana nguvu zisizo za kawaida, huko alikoandikia mwandishi labda ni sifa. Hapa kwetu, hiyo ndiyo habari aliyotoa mganga. Mimi napenda hadithi za ajabu. Nataka niwemo. Lakini nataka niwe yule aliyesahau daftari, au golikipa aliyefungwa mabao matatu, na joka likija nikimbie pamoja na wenzangu wote."

Sijui niuelezeje ukimya uliofuata. Labda msomaji wa mbali hataelewa, kwa hiyo nitasema kwa ufupi mambo ambayo kila mtu wa Kagera anayajua. Tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika nchi yetu, hasa Kanda hii ya Ziwa, kwa imani ya kwamba viungo vyao vikitiwa katika dawa huleta utajiri. Mwaka 2015, mwezi wa Januari, Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata hivyo mwaka 2024, katika wilaya ya Muleba, mtoto wa kike wa miaka miwili aliporwa kutoka kwa mama yake mwishoni mwa Mei, na mwezi wa Juni mwili wake ukapatikana umekatwa viungo. Muleba ni wilaya ya jirani. Kutoka hapa Nshambya mtu hupanda gari asubuhi akafika kabla ya chakula cha mchana. Baadhi yetu bwaloni mle ni watoto wa Muleba.

Na ualbino wenyewe hauna siri yoyote. Mwalimu wa Bayolojia hutufundisha kwamba ni hali ya kurithi. Mwili hutengeneza kidogo mno, au hautengenezi kabisa, ile rangi iitwayo melanini, ambayo hukinga ngozi na jua na pia husaidia jicho kukua vizuri. Mtoto huipata hali hiyo anaporithi chembe yake kwa baba na kwa mama pia, nao wazazi aghalabu ni weusi kabisa, wala hawakujua kwamba wameibeba. Hapa nchini hukadiriwa mtu mmoja katika kila watu 1,400 hivi, na huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini mmoja katika 17,000 mpaka 20,000. Yaani sisi ndio tulio na majirani hawa kuliko wengine, na sisi ndio tunaowaogopa kama mizimu. Hata lile neno "zeruzeru", ambalo wengi wetu tulilikuta nyumbani, mwenzetu aliniambia kwamba likisemwa nyuma yake barabarani huongeza mwendo. Tangu mwaka 2008 Bunge letu limepata kuwa na mbunge mwenye ualbino, Al-Shaymaa Kwegyir, aliyeteuliwa na Rais Kikwete. Na mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany kwa kura zao. Kuwa mbunge ni jambo la kawaida zaidi kuliko kutoweka hewani, ingawa hadithi nyingi zimependa hilo la pili.

Turudi bwaloni. Dada wa upinzani hakukasirika wala hakuanza kujitetea, nami nilimheshimu kwa hilo. Alisema kwamba Sunny naye hugombana na kaka zake, na huogopa, na hulia, na kwamba nguvu zake si kitu cha kukatwa mwilini bali hujifunza kwa kazi kama tunavyojifunza hesabu. Lakini alikiri kwamba alikisoma kile kitabu kwa macho ya mtu ambaye hakuwahi kusindikizwa shuleni kwa hofu ya kutekwa.

Mimi nimelifikiri jambo hili wiki kadhaa, na naona hivi. Mwandishi hakukosea. Alimwandikia mtoto wa Nigeria na wa Marekani aliyechoka kuona mwenye ualbino akifanywa mwovu wa hadithi, na alimpa ushujaa. Bali kitabu husafiri, na kikifika pengine hukuta maneno mengine yamekwisha kukaa. Neno "nguvu za ajabu" katika Kagera limekwisha kukaliwa na mganga. Kwa hiyo sisemi Akata Witch kisiingie maktabani. Nasema kisomwe kwa sauti, pamoja, na mtu akiwepo wa kuuliza maswali, kama vile Takadini inavyosomwa darasani. Msomaji wa peke yake chini ya shuka aweza kukielewa vibaya, na hapa kukielewa vibaya kuna gharama.

Kura zilipopigwa, hoja ilishindwa. Walioshinda walisema hadithi yaweza kumfaa hata asiyejiona ndani yake. Nilikuwa nimetetea upande mwingine, lakini sikuhuzunika sana, kwa kuwa usiku ule nilikwisha kupoteza imani na hoja yenyewe kama ilivyoandikwa.

Kesho yake, baada ya ibada, nilimchukulia mwenzetu wa Kidato cha Kwanza kile kitabu cha ajabu nikamwambia akisome mwenyewe, kisha aandike maoni yake katika gazeti hili. Alikishika, akakifungua, akakisogeza karibu na pua mpaka nikadhani ananusa karatasi. Kisha akanirudishia. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu; macho yao huchezacheza na mwanga mkali huwasumbua. Maandishi ya kitabu kile ni madogo kama chungu. Nilimwuliza, "Na Takadini je?" Akasema Takadini pia hajakisoma, anakijua kwa kusikiliza wenzake wakisimulia. Kwa muda wa saa tatu tulikuwa tumebishana kama yumo kitabuni au hayumo, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama anaweza kukisoma. Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, kwa hiyo siku ya mtihani atasoma. Lakini hadithi si mtihani, na hakuna aliyefikiri kumchapia hadithi kwa maandishi makubwa.

Basi sasa, siku za Jumanne na Alhamisi baada ya maandalio, tunakutana watu wanane au tisa katika chumba cha mwisho, na mmoja wetu anasoma kwa sauti. Dada wa upinzani huja naye, kwa kuwa kitabu ni chake, na yeye ndiye anayetafsiri penye Kiingereza kigumu. Mwenzetu hukaa mbali na taa. Husimamisha usomaji mara nyingi, aghalabu kwa sababu ya mpira. Alhamisi iliyopita alikataa katakata kwamba mchezaji aweza kufunga kutoka pale mwandishi alipomweka, tukalazimika kuchora uwanja ubaoni. Bado hatujafika nusu ya kitabu, na mitihani ya kumaliza Kidato cha Nne inakaribia, kwa hiyo tunatafuta wasomaji wengine wawili wa Kidato cha Pili wenye sauti nzuri watakaoendelea sisi tukiondoka. Mwenye kutaka aandike jina lake katika karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa maktaba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne